Shika Pua, Soma Yasini: Kuhusu Damu Itokayo Puani

  

Juma hili tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo hadi siku linapowaingilia nyumbani: damu itokayo puani, ambayo wazee wetu waliiita muhina, na ambayo katika vitabu vya fiqihi huitwa ruaafu. Kilichotusukuma kuandika ni safari yetu ya Nairobi, katika mitaa ya Eastlands, ambako wengi wenu mna ndugu, wana na wajukuu. Yaliyotokea huko yalitufunza kwamba hata sisi tuitwao mashehe twaweza kumdhuru mgonjwa kwa nia njema. Tumeona tuyaeleze kama yalivyokuwa, bila ya kujipamba, huenda yakamfaa mama mmoja siku ya haja.

Kisa cha Majengo

Ilikuwa mwezi wa Januari, siku za kiangazi. Tulialikwa khitma katika nyumba moja ya Majengo, Pumwani, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1920 na ambao Waislamu wameuishi tangu mwanzo wake. Baada ya swala ya Alasiri tuliyoiswali Msikiti wa Riyadha, tulirudi nyumbani tukasikia sauti za wanawake zikipaa kutoka chumba cha ndani. Bi Mkubwa wa nyumba ile, bibi aliyepita umri wa miaka 70, alikuwa akitokwa na damu puani.

Walikuwa wamemlaza chali juu ya mkeka, kidevu kikitazama dari. Mmoja alimmiminia maji baridi utosini, mwingine alimnusisha kitunguu kilichokatwa, na wa tatu alitia ubani chetezoni akisema hili ni jicho la watu. Kisha tukaitwa sisi.

Tulisoma. Tulisoma Fatiha, Ayatul Kursi na sura za kinga, tukapuliza katika maji, na mzee mmoja akapendekeza tuandike na kombe. Baada ya muda damu haikuonekana tena ikichuruzika. Nyumba nzima ikasema alhamdulillahi, nasi, tunakiri, tuliona fahari kidogo moyoni. Tukaendelea kusoma. Hakuna aliyetazama saa.

Ndipo akaingia mjukuu wa nyumba ile, binti aliyekuwa akisomea uuguzi, ametoka chuoni na mkoba wake ungali begani. Akasimama mlangoni, akamtazama bibi yake kwa kitambo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, Ami. Mbona Bibi anameza kila mara?"

Tulimjibu kwamba yawezekana ni mate. Hatujamaliza kusema, Bi Mkubwa akainuka kwa nguvu, akatapika ndani ya beseni damu nyeusi, mabonge kwa mabonge. Damu haikuwa imekoma. Ilikuwa imebadili njia tu. Kwa kuwa kichwa kililazwa nyuma, ilishuka kooni, naye akaimeza kimyakimya kwa zaidi ya saa nzima huku sisi tukishukuru.

Binti yule hakumgombeza mtu. Alimketisha bibi yake kwenye kiti, akamwinamisha mbele kidogo, akampa beseni alishike mapajani, akamwambia, "Bibi, tema, usimeze." Akambana pua kwa vidole viwili. Kisha akatugeukia sisi kwa adabu: "Ami, nitazamieni saa. Na mtusomee Yasini, taratibu, Bibi apate utulivu. Sitaachia mpaka mmalize."

Tukasoma. Huku tukisoma, yeye alimshika bibi yake kifundo cha mkono kwa mkono wa pili, akihesabu mapigo. Akawa akiuliza kwa sauti ndogo: damu ilianza saa ngapi? Ilianzia tundu gani? Alianguka? Anameza dawa gani? Wanawake wakaleta mfuko wa dawa. Mlikuwamo aspirini ya kila siku aliyoambiwa ni ya moyo, vidonge vya maumivu ya magoti alivyojinunulia dukani, na vidonge vya presha ambavyo karatasi zake zilikuwa bado zimejaa.

"Bibi, hizi za presha huzimezi?"

"Nazimeza kichwa kikiniuma, mwanangu. Kisiponiuma nizimeze za nini?"

Tulipomaliza Yasini, zilikuwa zimepita dakika kama 15. Aliachia pua polepole, akamwambia afungue kinywa, akamulika koo kwa taa ya simu. Damu ilikuwa ingali ikiteremka nyuma ya kilimi. "Hii ni ya nyuma, Ami," akasema. "Hatuiwezi hapa. Twende hospitali sasa hivi."

Jirani alitoa gari. Barabara ya Jogoo ilikuwa imefungana kama ilivyo kila jioni, na safari ile fupi tuliiona ndefu kuliko ya kutoka Mombasa. Bi Mkubwa alikaa wima, beseni mapajani, pua ikiwa imebanwa njia nzima. Huko shinikizo la damu lilipopimwa, tarakimu ya juu ilipita 200. Alizibwa pua, akaongezwa damu, akalazwa siku tatu. Leo yu hai, na salamu zake zimetufikia. Lakini daktari alitueleza kwamba kwa umri wake, lau angelibaki juu ya mkeka ule hadi Isha, tungelikuwa na khitma ya pili.

Damu hutoka wapi

Tangu siku ile tumeuliza na kusoma, na tunayoyaleta hapa ndiyo tuliyothibitishiwa na wenye elimu hiyo.

Pua ina kazi ya kuipasha joto na kuitia unyevu hewa tunayoivuta, na kwa sababu hiyo imejaliwa mishipa mingi midogo ya damu chini ya ngozi laini sana. Mahali inapokutana mishipa hiyo kwa wingi ni mbele, kwenye ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua. Karibu tisa katika kila damu kumi za puani hutoka hapo. Hii ndiyo damu ya mbele: hutoka zaidi kwa watoto na vijana, huonekana, hutisha kwa wekundu wake, na mara nyingi hukoma kwa kubanwa tu.

Damu ya nyuma ni chache lakini ndiyo ya hatari. Hutoka kwenye mishipa mikubwa zaidi ndani kabisa ya pua, na huwapata zaidi wazee. Vidole haviifikii. Mara nyingi hushuka kooni kuliko kutoka nje, kwa hivyo mgonjwa huonekana kana kwamba amepona ilhali tumbo linajaa damu. Alama yake ni mgonjwa kumeza mara kwa mara, kutema damu, au kutapika damu ya rangi ya kahawa.

Kwa watoto, sababu kubwa ni kidole: mtoto huchokonoa pua, ngozi ikachunika. Sababu nyingine ni mafua, mzio, na hewa kavu. Hapa tungependa wazazi wa pwani wasikilize vyema. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake haina ule unyevu tuliouzoea Mombasa, Malindi au Lamu. Mtoto aliyezaliwa kando ya bahari akipelekwa kwa mjomba wake Umoja au Kayole wakati wa likizo, hasa kati ya Januari na Machi, pua yake hukauka, gamba likashika, akalibandua, damu ikamwagika. Ongeza vumbi la barabara, moshi wa jiko la makaa katika chumba kimoja, na hata moshi wa udi na ubani tunaoupenda, na utaona kwa nini mtoto ambaye kwao hakuwahi kutokwa na damu huanza huko. Hajarogwa, wala hana jini. Pua yake imekauka.

Kwa watu wazima ziko sababu nyingine: kupigwa au kuanguka, tumbaku ya kunusa, dawa za kuzuia damu isigande kama aspirini na warfarini, vidonge vya maumivu vinywewavyo ovyo, na maradhi ya ini au ya damu yenyewe. Ama presha, madaktari husema si lazima iwe ndiyo iliyoanzisha damu, kwani hofu peke yake humpandisha mtu presha. Lakini ikiwa juu, damu huwa nzito kuzuilika. Kwa hivyo hupimwa, mgonjwa akatulizwa, kisha hupimwa tena.

Mama mjamzito naye hutokwa na damu puani kwa urahisi zaidi kwa sababu mishipa yake imejaa. Kidogo si cha kutisha. Lakini ikiwa pamoja na damu hiyo kuna maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, au uso na mikono kuvimba, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Hiyo yaweza kuwa presha ya ujauzito, nayo huua mama na mtoto.

Namna ya kuizuia nyumbani

Mtakapoona damu ya puani, fanyeni haya kwa utaratibu huu.

Kwanza, mketisheni mgonjwa wima na kichwa kiiname mbele kidogo. Msimlaze, wala msiinue kidevu chake. Mtoto aketi mapajani mwa mamaye, na mama atulie, kwani mtoto akilia damu huzidi.

Pili, mwambieni apenge mara moja polepole kutoa mabonge. Kisha mbaneni pua kwa kidole gumba na cha shahada, sehemu ile laini ya chini. Wengi wetu hubana juu, kwenye mfupa, na kubana huko hakufai kitu. Pua zote mbili zizibike, apumue kwa kinywa.

Tatu, atazamwe saa. Dakika 10 hadi 15 mfululizo, bila kuachia. Hapa ndipo tunaposhindwa, kwa sababu kila baada ya dakika moja tunachungulia kuona kama imekoma, na kila tunapochungulia tunalivunja lile gamba linaloanza kushika. Yasini ikisomwa kwa tartili huchukua karibu robo saa. Basi shika pua, soma Yasini kwa moyo, usiachie mpaka umalize. Lakini usome usomaji wa mtu mzima aliyetulia. Ikisomwa kama wanafunzi wetu wa chuoni waisomavyo Alhamisi jioni wakiwahi kwenda kucheza mpira, itakwisha kwa dakika tano na damu itakuwa palepale. Kwa hivyo saa iwe mbele yenu pia. Na isomwe kwa ghaibu. Mikono yenye damu isiguse msahafu.

Nne, ateme kila kinachofika kinywani. Damu ikimezwa huchafua tumbo na kumtapisha, na tena hatutajua ni kiasi gani kimetoka. Kipande cha barafu kinyonywe, au kitambaa cha maji baridi kiwekwe juu ya pua, hilo halidhuru.

Tano, ikiwa bado inatoka baada ya robo saa ya kwanza, baneni robo saa ya pili. Ikizidi nusu saa, ni hospitali. Na ikiwa inabubujika kwa nguvu, msingoje hata hiyo nusu saa. Nendeni huku mmebana.

Msitie majani, kahawa, tumbaku wala majivu puani. Msimsokomezee pamba kavu, kwani itakapovutwa itang'oa gamba na damu itaanza upya. Na lile neno kwamba ni damu chafu, iacheni itoke, halina asili. Damu inayotoka puani ndiyo ileile iliyomo moyoni.

Asiyepaswa kungojewa

Kuna wagonjwa ambao hata kama damu ni kidogo, hawafai kukaa nyumbani. Akina mama, yashikeni haya:

Aliyepigwa kichwani au kupata ajali, hasa akitoka puani maji maang'avu yaliyochanganyika na damu. Mtoto wa chini ya miaka miwili. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Mzee mwenye presha. Anayetapika damu au kuimeza bila kukoma. Aliyepauka midomo na viganja, jasho baridi likamtoka, moyo ukamwenda mbio au akaona kizunguzungu. Huyo amepungukiwa na damu, na kila dakika ina thamani.

Tena yupo mwenye damu ya puani pamoja na homa kali, maumivu ya viungo, damu kwenye fizi au madoa mekundu mwilini. Sisi wa Mombasa tumeshapitia milipuko ya homa ya dengi, ukiwamo wa mwaka 2013, na tunajua kwamba homa hiyo hupunguza chembe za kugandisha damu. Huyu asipewe aspirini kamwe. Mwenye damu isiyoisha, michubuko bila kuumia na uchovu, apimwe damu upesi, kwani yaweza kuwa maradhi mazito zaidi.

Mtoto anayetoka damu tundu moja tu, nayo ina harufu mbaya, huenda ametia puani shanga, kunde au kipande cha sponji. Msikichokoe kwa pini, kitaingia ndani. Na kijana wa kiume aliyebaleghe, akiwa pua moja huziba na kutoka damu mara kwa mara, aonwe na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, kwa kuwa uko uvimbe wa mishipa unaowapata vijana wa rika hilo.

Wakazi wa Eastlands wana Hospitali ya Mama Lucy Kibaki upande wa Umoja na Komarock, na mabingwa wa pua wapo Hospitali ya Kenyatta. Kwetu Mombasa ni Coast General. Na lijulikane jambo moja ambalo wengi hawalijui: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Maneno hayo hayakubagua mwenye bima na asiye nayo, wala mwenye fedha na asiye nazo. Mgonjwa anayevuja damu aingizwe kwanza, hesabu zifuate.

Yatakayofanywa hospitali

Tunayaeleza haya ili msiogope wala msimkataze tabibu kazi yake. Atatazama kwanza kama mgonjwa anapumua vyema, kisha mapigo na presha. Atawekewa sindano mshipani, na damu itachukuliwa ipimwe kundi lake na wingi wake. Kisha ataulizwa maswali yaleyale aliyouliza binti wa Majengo. Basi nendeni na majibu, na nendeni na mfuko wa dawa. Msizifiche dawa za kienyeji, za kununua dukani, wala miraa; tabibu hakuulizeni ili awahukumu.

Atamulika pua kwa taa, atoe mabonge, na huenda akaweka pamba iliyolowa dawa ya kubana mishipa na kutia ganzi. Akiona panapotoka damu, aweza kupaunguza kidogo kwa nitrati ya fedha. Husisimua lakini ni kwa muda mfupi. Isipowezekana, pua huzibwa kwa shashi iliyopakwa mafuta au sponji maalumu, na ile damu ya nyuma huzuiwa kwa mpira mwembamba wenye puto dogo la maji linalojazwa ndani. Haistareheshi. Mgonjwa hulazwa, na kizibo hutolewa baada ya siku moja hadi tatu na yule aliyekitia. Asikivute nyumbani kwa sababu kinamkera.

Udhu, swala na saumu

Mama mmoja wa Kayole alituuliza kama mwanawe alipotokwa na damu puani udhu wake ulitenguka. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, udhu hautenguki kwa damu ya puani, kwa kuwa haikutoka katika njia mbili. Ndugu zetu wa madhehebu ya Hanafi wanaona kwamba damu inayotiririka huutengua, na kila mmoja afuate aliyosomeshwa bila kugombana. Hata hivyo damu ni najisi: kidogo husamehewa, nyingi huoshwa. Ikimtoka mtu ndani ya swala ikamchafua mwili na nguo, aikate swala, aizuie damu kama tulivyoeleza, aoshe, kisha aswali upya. Asisimame akiiacha imtiririke kwa kuona haya kuvunja safu.

Kupandisha maji puani katika udhu ni suna. Aliyetoka kuugua, kwa siku saba hivi ayaguse maji puani kwa upole au auache kabisa iwapo daktari amemwambia hivyo; udhu wake ni sahihi. Vivyo hivyo aliyekatazwa kuinama arukuu na kusujudu kwa ishara. Mwenye kizibo puani aswali kama alivyo. Mwenyezi Mungu hakutuwekea dini iwe dhiki.

Ama mwenye kufunga, damu kutoka puani haimfunguzi. Ateme, ikimshinda ikateremka bila kusudi, saumu yake ipo. Akihitaji dawa ya kudondoshwa puani, vidonge au kulazwa, afungue, na atalipa siku nyingine. Hiyo ni ruhusa, na kuikataa ruhusa hadi mtu aanguke hakumpi daraja.

Kinga ni nyepesi

Kwa mtoto mwenye pua kavu, mpakeni mafuta ya mgando kiasi kidogo, ndani ya ukingo wa pua, asubuhi na usiku, kwa wiki moja au mbili. Kateni kucha zake. Mnaweza kumdondoshea matone ya maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiku wekeni sufuria ya maji chumbani, mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia, na jiko la makaa litolewe nje kabla ya kulala. Baada ya damu kukoma, mgonjwa asipenge kwa nguvu, asinywe vya moto sana, wala asibebe mizigo kwa siku chache.

Na wazee wetu wenye presha: vidonge ni vya kila siku, kichwa kiume kisiume. Presha haina mlio. Tuwaulize wazazi wetu si tu kama wana dawa, bali kama wanazimeza. Tuitazame karatasi yenyewe. Bi Mkubwa wa Majengo alikuwa na watoto saba na wajukuu wasiohesabika, na hakuna aliyewahi kuufungua ule mfuko.

Neno la mwisho kwa mashehe wenzetu

Tunaitwa kwa wagonjwa kabla ya madaktari, hasa usiku, hasa na wanawake walio peke yao na watoto. Hiyo ni amana. Kisomo ni haki, nasi hatutakiacha. Qur'ani ni shifa, na hatuna shaka na hilo. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamrisha tujitibu, na wanazuoni wetu hawakuona aibu kuusoma mwili: Ibn Sina aliandika juu ya ruaafu katika kitabu chake cha Kanuni ya tiba, karne nyingi kabla ya hospitali hizi. Aibu ni kusoma huku macho yamefumbwa.

Sisi tumejiwekea utaratibu. Tukiitwa kwa mwenye kuvuja damu, kabla ya kusema bismillahi ya kisomo twauliza mambo matatu: imeanza saa ngapi, ameketi au amelala, na anameza? Kisha twamwomba mtu abane pua, nasi tukasoma. Tukifika mwisho wa Yasini na damu ingali inatoka, twasimama kutafuta gari.

Mwezi uliopita tulipigiwa simu usiku na mama mmoja wa Dandora, mwanawe wa miaka sita akitokwa na damu. Alitaka tumsomee kwa simu. Tulimwambia, "Mama, mketishe, mwinamishe mbele, mbane pua hapo palipo laini, weka simu kando, tusome pamoja." Tulisoma hadi mwisho. Alipoachia, kukawa kimya kidogo, kisha tukamsikia mtoto akiuliza kama sasa anaweza kwenda kulala.

Mwenyezi Mungu awape shifa wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu waliko, na atusamehe tulipokosea kwa kutojua. Wabillahi tawfiki.